Mawazo Mapya Yako Wapi? Tahakiki ya Insha za Wanafunzi Wetu wa Jinja na Mbale

Malalamiko ninayoyapokea mara nyingi zaidi katika kozi ya utunzi hayahusu sarufi wala alama. Ni haya: "Mwalimu, sina la kuandika." Anayesema hivyo mara nyingi ametoka Jinja, mahali ambapo mto Nile unatoka ziwani, au Mbale, mji uliolala chini ya mlima Elgon. Kisha huketi na kuandika kurasa nne kuhusu mvuvi wa Lamu ambaye hajawahi kumwona. Muhula uliopita nilikusanya insha na hadithi fupi za wanafunzi wetu watokao katika miji hiyo miwili na vijiji vinavyoizunguka, nikazisoma zote kwa pamoja bila kalamu nyekundu. Hilo ni jambo ambalo sisi walimu hulifanya kwa nadra, kwani kwa kawaida tunasoma ili kutoa alama. Makala haya ni tahakiki fupi ya niliyoyaona. Sitamtaja mwanafunzi yeyote kwa jina, na wale watakaojitambua humu wajue kwamba nimewasoma kwa nia njema.

Kauli yangu naiweka mwanzoni ili msomaji aipime kadiri tunavyoendelea. Wanafunzi hawa hawajapungukiwa na mawazo. Walichopungukiwa ni imani kwamba Kiswahili kinaweza kuyabeba mambo ya kwao. Wamefundishwa, na sisi tukiwa miongoni mwa waliowafundisha, kwamba Kiswahili kina kwao, na kwao ni pwani. Basi anayetaka kuandika kwa Kiswahili sharti kwanza ahamie pwani. Akishahamia huko hana alijualo, na asiyejua chochote kuhusu mahali hulazimika kuazima mawazo ya wale waliokwisha kupaandika. Uchakavu wa insha zetu unaanzia hapo.

Tazama mianzo. Jogoo la kwanza linawika. Msimulizi anarauka alfajiri na mapema. Jua linachomoza kwa miale ya dhahabu na ndege wanamsifu Muumba wao matawini. Ukiondoa jina la mwandishi huwezi kujua kama asubuhi hiyo ni ya Jinja, ya Machakos au ya Morogoro. Baada ya hapo huja minazi, madau, kahawa chungu barazani na bibi aliyejifunga leso. Katika hadithi moja ya Jinja, mvuvi anatoka na ngalawa usiku wa manane na kurudi na changu na papa. Mwandishi wake amekulia Masese, hatua chache kutoka ukingo wa ziwa. Samaki aliowaona tangu utotoni ni mukene, ngege na mputa.

Nilipomuuliza kwa nini changu, alinijibu kwamba hakujua mputa anaitwaje kwa Kiswahili. Jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko hadithi yake nzima. Mputa ni yule yule sangara wa Mwanza, na watu wa Kisumu humwita mbuta. Mukene wetu ni dagaa wa Mwanza na omena wa Kisumu. Ziwa ni moja, samaki ni yule yule, majina ni matatu. Aidha, sangara mwenyewe si mwenyeji wa ziwa hili. Aliingizwa humo katika miaka ya 1950, akawala samaki wengi wa asili, kisha akaleta viwanda vya minofu na biashara ya kupeleka samaki Ulaya. Kijana aliyekulia Masese angeweza kuanza na mama mchuuzi wa mukene ambaye mteja wake kutoka Kenya anamwita samaki huyo kwa jina jingine, na kila jina lina bei yake. Angeweza kuanza na mvuvi mzee anayekumbuka ladha ya samaki ambao wajukuu wake hawatawala. Badala yake akasafiri maili mamia hadi bahari asiyoijua kumtafuta changu.

Sitaki kuwa mkali kupita kiasi. Vitabu vya miongozo ya insha vinavyotumika katika shule zetu, vingi vikiwa vimetoka Kenya, vimesheheni orodha za mianzo, methali na tamathali za kukariri. Mtoto wa kidato cha pili kule Sironko, ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya tatu au ya nne baada ya Lugisu, Kiingereza na pengine Luganda, anahitaji kitu cha kushikilia mkononi. Kwa mtoto huyo, jogoo la kwanza ni fimbo ya kutembelea, na sina ubaya nalo. Tatizo ni kwamba ninakutana na fimbo ile ile mikononi mwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo kikuu, ambaye baada ya miezi michache atakuwa mwalimu na kuwagawia wengine.

Wapo watakaosema kwamba fasihi ya Kiswahili ndivyo ilivyo, kwamba mandhari yake ni ya pwani na hatuna budi kuyafuata. Jawabu langu ni majina mawili ambayo kila mwanafunzi wetu ameyasoma. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe, katika ziwa lile lile linalopiga mawimbi Masese. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, inaanzia kijijini kwao. Hakwenda pwani kutafuta msichana wa kumwandika. Aliandika kuhusu binti anayelelewa kwa ukali wa baba hadi siku anapotoka nyumbani kwenda kusoma, na huko hajui la kufanya na uhuru wake. Jambo hilo kila mtu wa Ukerewe alilijua, na kila mtu wa Busoga analijua. Riwaya ilizusha ghasia hata ikapigwa marufuku shuleni kwa muda. Upya wake ulitokana na mwandishi kuandika kwa Kiswahili yale ambayo majirani zake walikuwa wakiyanong'ona kwa Kikerewe.

Wa pili ni Ken Walibora, aliyetutoka mwaka 2020. Siku Njema, iliyochapishwa mwaka 1996, huenda ndiyo riwaya iliyoigwa zaidi katika insha hizi. Wanafunzi wanayakariri maneno yake mazito na methali zake. Lakini hebu tuifuate ramani ya riwaya hiyo. Kongowea Mswahili anaanzia Tanga, mwambao hasa, na safari yake inampeleka hadi Kitale kumtafuta baba yake. Kitale iko ng'ambo ya mlima Elgon. Mtu akisimama kileleni siku ya mawingu machache, upande mmoja atatazama nchi ya Mbale na upande wa pili nchi ya Kitale. Yaani riwaya yenyewe inatoka pwani na kuja kwetu, ilhali wasomaji wake wa Mbale wanapishana nayo njiani wakielekea pwani. Wameiga lugha ya kitabu wakaiacha safari yake.

Kuna kitabu cha tatu, nacho ni cha pwani kweli kweli: Kuli cha Adam Shafi, cha mwaka 1979, kinachohusu wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Nakitaja kwa sababu kinafundisha kitu ambacho hakina uhusiano na minazi. Kinafundisha kutazama kazi: mzigo unabebwaje, nani anahesabu, nani analipwa, nani anaumia. Sasa Jinja ni mji wa kazi. Kiwanda cha sukari cha Kakira kilianza mwaka 1930. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na katika miaka hiyo hiyo kikaja kiwanda cha nguo na tanuru la kuyeyushia shaba iliyosafirishwa kwa reli kutoka Kilembe. Wafanyakazi walitoka kila upande, wakiwemo Wakenya wengi hadi serikali ya Obote ilipowafukuza mwaka 1970, na watu wasioelewana kwa lugha za mama walielewana kwa Kiswahili. Kambi ya jeshi ya Jinja nayo ilikuwa ya KAR, ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya amri. Askari wa kambi hiyo waliasi Januari 1964, siku chache tu baada ya wenzao wa Tanganyika. Mji wa namna hiyo ulikuwa ukisema Kiswahili kabla idara yetu haijafikiriwa. Katika insha nilizosoma sikukuta hata moja yenye mkata miwa, fundi wa tanuru au mke wa askari.

Hata hivyo, ni lazima niseme upande wa pili wa jambo, kwa sababu wenzangu kadhaa wamekwisha kutoa ushauri mwepesi: waambie waandike ya kwao na yatakwisha. Hayakwisha. Baadhi ya wanafunzi waliandika ya kwao, na matokeo yalikuwa baridi kuliko hata yale ya Lamu. Insha za chimbuko la Nile zinafanana kama sahani za mkahawa mmoja. Speke alifika mwaka 1862. Watalii hupanda mashua. Sehemu ya majivu ya Gandhi ilimwagwa pale mwaka 1948. Mandhari ni ya kuvutia na serikali iboreshe barabara. Ni karatasi ya kugawia wageni hotelini, iliyotafsiriwa. Mwandishi amesimama mahali pa mtalii na kutazama mji aliozaliwa kana kwamba ameshuka kwenye basi jana.

Insha za imbalu ni hivyo hivyo. Sherehe hufanyika kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, huzinduliwa Mutoto karibu na Mbale, ngoma ya kadodi huchezwa, kijana husimama imara, mila zetu tuzienzi. Na insha za Bududa ndizo zilizonihuzunisha zaidi. Mnamo tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka na kukifunika kijiji cha Nametsi. Waliokufa walihesabiwa kwa mamia. Mwanafunzi anaandika aya moja ya vilio, kisha aya tatu za kuhimiza watu wapande miti na wahame mabondeni. Ni ushauri mzuri kwa afisa wa wilaya. Kwa mtunzi, ni kulifunga swali kabla halijaulizwa.

Swali lenyewe ni hili. Baada ya maafa yale, baadhi ya watu wa Bududa walihamishiwa Kiryandongo, mbali sana na mlima, wakapewa ardhi. Baadhi yao walirudi. Mtu anarudije kulima juu ya udongo uliomfukia ndugu yake? Sijui, na mwanafunzi wangu hajui, lakini yeye ana shangazi ambaye anajua. Hapo ndipo ninapoliona wazo jipya. Si katika mahali peke yake, maana Bududa inaweza kuandikwa kwa uchakavu kama Lamu. Liko katika jambo ambalo mwandishi mwenyewe hajalipatia jibu na ambalo anaweza kwenda kumuuliza mtu. Insha nyingi nilizosoma zilikuwa na jibu kabla ya mstari wa kwanza. "Mwisho wa ubaya ni aibu" ni jibu. Mtunzi anayeanza na jibu ana kazi moja tu iliyobaki, nayo ni kujaza kurasa.

Wakati mwingine swali hilo linafichwa ndani ya neno. Nichukue imbalu tena. Karibu wanafunzi wote waliandika kwamba kijana wa Kigisu "hupelekwa jandoni". Lakini jando tulilolipokea katika fasihi ya Kiswahili lina kumbi, lina kujitenga na watu, lina mafunzo ya siri. Kijana wa imbalu husimama uani mchana kweupe mbele ya umati, jamaa na maadui, na macho yote yanasubiri kuona kama atapepesa. Neno jando linaficha hasa kile kinachoifanya imbalu kuwa imbalu. "Tohara" nayo imeelemea dini na hospitali. Je, mwandishi wa Mbale atumie neno gani? Akibaki na "imbalu", amwelezeje msomaji wa Tabora? Mwanafunzi aliyekwama hapo yuko mahali pazuri mno, kwa sababu kukwama kwake kunamlazimisha aeleze alichokiona badala ya kukipachika jina lililokwisha kuwapo. Timothy Wangusa aliuandika mlima huo na kijana wake anayeusogelea utu uzima katika riwaya ya Kiingereza, Upon This Mountain, mwaka 1989. Kwa hiyo mlima hauna upungufu wa maudhui. Nasubiri yule atakayeuandika kwa Kiswahili bila kupitia jandoni.

Jinja pia ina neno la aina hiyo. Maporomoko ya Bujagali, ambayo Wasoga huyaita Budhagaali, yalifunikwa na maji ya bwawa jipya lililozinduliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo palizuka mabishano makubwa kuhusu mizimu ya mahali hapo, na matambiko yakafanywa ili mizimu ihamishwe. Katika Kiswahili mzimu ni roho ya mfu, na pia ni mahali pake, kama ilivyo katika riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale. Ikiwa mzimu ni mahali, unahamishwaje? Nani anasaini karatasi ya kupokea fidia kwa niaba yake? Mwanafunzi mmoja aliyaandika maporomoko hayo kama mahali pazuri pa kupumzikia wikendi.

Sasa nifike kwenye sehemu iliyonifanya niandike makala haya. Katika insha moja ya Jinja, katikati ya aya ya kawaida kabisa, mwandishi alisema kwamba nyumba wanayoipanga katika barabara ya Main Street iliwahi kuwa ya "mafuta mingi". Msahihishaji, ambaye ni mwenzetu mmoja, alilizungushia duara jekundu na kuandika pembeni: mengi. Kisarufi ana haki. Mafuta ni ngeli ya ya-ya, na kiambishi kinachostahili kinajulikana na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Lakini mafuta mengi ni mafuta tu, ya kupikia au ya taa. Mafuta mingi ni watu. Ndilo jina ambalo Waganda waliwapachika wale waliotajirika ghafla baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972 na maduka yao kugawiwa wanajeshi na wapendwa wa serikali. Jinja, mji uliokuwa na Waasia wengi, iliwajua vizuri. Kosa la sarufi limo ndani ya maana. Jina lilitungwa kwa Kiswahili cha kambini, Kiswahili cha watawala wa siku zile, na anayelisahihisha anafuta alama za vidole vya walioshika mali hiyo. Nyumba moja, Mhindi aliyeijenga, mafuta mingi aliyepewa, na familia ya mwanafunzi inayopanga chumba cha nyuma: hiyo ni riwaya, na mwandishi aliipita kwa sentensi moja kwa sababu alidhani hadithi yake ni kuhusu siku ya kwanza shuleni.

Mbale nao wana lao. Neno magendo katika kamusi ni biashara ya kukwepa ushuru. Kwa Waganda wa miaka ya 1970 lilipanuka hadi likawa jina la maisha yenyewe, kwani karibu kila kitu kilipatikana kwa njia hiyo. Julai 1975 baridi kali iliharibu mikahawa ya Brazili, na bei ya kahawa duniani ikapanda mno katika miaka miwili iliyofuata. Mkulima wa Bugisu alilazimika kuiuzia bodi ya serikali kwa bei duni, na huku ng'ambo ya mlima, Kenya, kulikuwa na fedha. Kahawa ikapanda mlima usiku, vichwani na migongoni mwa punda, na kituo cha Chepkube kikawa jina linalojulikana Afrika Mashariki nzima. Wazee waliobeba magunia hayo bado wapo. Wanajua gunia lilikuwa na uzito gani, mto upi ulivukwa gizani, askari yupi alilipwa na yupi hakulipika. Nauliza: ni mwongozo gani wa insha utakaompa mwanafunzi kisa cha kuzidi hicho? Na magendo haya yalisemwa kwa Kiswahili, kwa maana Mgisu, Msebei na Mkenya walikutana sokoni kwa lugha hiyo. Hata neno bodaboda, linalotumika leo kutoka Mombasa hadi Dar es Salaam na kwingineko, lilizaliwa jirani yetu hapa Busia, kwa vijana waliokuwa wakivusha watu mpakani kwa baiskeli. Mashariki ya Uganda imekwisha kukipa Kiswahili maneno. Ni insha zetu tu zinazodhani kwamba kazi yetu ni kupokea.

Insha bora kuliko zote katika fungu hili iliandikwa na mwanafunzi wa Mbale, na nilipoisoma mara ya kwanza, miezi kabla ya zoezi hili, ilikuwa imepata alama ya chini ya wastani. Ina makosa. Wakati uliopo na wakati uliopita vinagongana, na mwisho wake ni mahubiri ya nusu ukurasa kuhusu umoja wa Afrika Mashariki ambayo ningeyakata yote. Kisa chenyewe ni chepesi. Mwandishi amejiunga na chuo kusomea Kiswahili, amerudi kijijini likizo, na kwa furaha anamsalimia bibi yake kwa lugha yake mpya na kumwambia kwamba kesho atapanda gari kwenda mjini. Bibi ananyamaza. Anaingia ndani na kufunga mlango. Mwanafunzi hajui amekosea nini hadi mama yake anapomweleza kwamba bibi aliishi Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwamba "panda gari" lilikuwa jina la misako ya wanajeshi waliozingira mitaa na kuwapakia watu kwenye malori kwenda kuchunguzwa, na si wote waliorudi.

Sijasoma kitu kama hicho kutoka Dar es Salaam wala Mombasa, na haiwezekani kitoke huko. Kwa Mtanzania, panda gari ni kauli ya kila siku kituoni. Sisi tu ndio tunaojua kwamba lugha tunayoifundisha kwa upendo inaweza kumfungia mlango mtu mzima. Tumezoea kuueleza ukweli huo kama kikwazo cha kufundishia: Waganda wanakiogopa Kiswahili kwa sababu ya majeshi, basi tuwaelimishe. Mwanafunzi huyu hakumwelimisha bibi yake. Alimsikiliza, na kwa kurasa mbili, kabla ya mahubiri kuanza, maneno mawili mepesi yalibeba uzito ambao tamathali zote za miongozo haziwezi kuubeba. Kuna hata uchaguzi mdogo wa kisanaa ambao sidhani aliupanga: kuanzia pale, msimulizi hatumii tena kitenzi kupanda. Anasema "nitakwenda na basi".

Ningependa mtu aandike na upande wa pili wa jambo hilo. Aprili 1979 majeshi ya Tanzania yaliingia Jinja. Mwenye duka aliyekuwa amezoea Kiswahili cha kuamriwa alisikia, labda kwa mara ya kwanza, askari akimwita ndugu na kumwomba maji. Alijibu nini? Kwa ngeli zipi?

Najua pingamizi litakalotoka kwa wenzangu, na si pingamizi dogo. Kiswahili kinazidi kupewa nafasi nchini. Katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 ilikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kiwe lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wetu ndio watakaojaza madarasa hayo. Je, huu ndio wakati wa kuwaruhusu waandike "mafuta mingi" na mukene, wakati hata upatanisho wa kisarufi haujatulia? Mwenzangu mmoja aliniambia kwamba nikiendelea hivi tutazalisha walimu wanaofundisha Kiswahili cha kambi. Nami naogopa zaidi walimu watakaompa kila mtoto wa Bulambuli jogoo lile lile, hadi kizazi kizima kiamini kwamba Kiswahili ni somo la kukariri asubuhi za watu wengine.

Kuhusu usahihishaji napendekeza hivi, na idara ilijadili. Msimulizi anayesema mafuta mingi kwa kutojua amekosea na akatwe alama. Mhusika anayesema hivyo, au msimulizi anayelitaja kama jina, hajakosea, na duara jekundu lisiwekwe. Majina ya samaki, vyakula na vyombo yasiyo na mwenzake wa wazi yaachwe kama yalivyo, na mwandishi apewe alama kwa namna anavyomfanya msomaji mgeni aelewe bila mabano wala tanbihi. Malewa, mathalani, yaelezwe kwa moshi wake na kwa mchuzi wa karanga, hata mtu wa Songea ajue ni machipukizi ya mianzi anayoyala.

Muhula ujao zoezi la kwanza la kozi ya utunzi halitakuwa na mada. Kila mwanafunzi ataleta neno moja la Kiswahili lililotumika kwao kabla yeye hajazaliwa, aeleze amelipata kwa nani, lilisemwa wapi, na aliyelisema alikuwa anataka nini. Neno likikosekana katika kamusi, alilete hivyo hivyo.